Kutoka Darajani Hadi Irente

Anayetaka kuijua Unguja aanzie Darajani, tena alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya majumba ya Michenzani. Wageni wengi huanzia ufukweni. Wakishuka tu uwanja wa ndege hupakiwa garini wakapelekwa moja kwa moja Nungwi, Kiwengwa au Paje, na soko huliona dirishani wakipita. Sisi tulianzia sokoni kwa sababu shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Mkunazini, pua na mdomo na soko kuu, na kwake siku haihesabiwi kuwa imeanza mpaka kikapu kitoke.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Kaskazi imeanza kuvuma, embe boribo zimepangwa barazani kwa mafungu, shokishoki nyekundu zinauzwa zikiwa bado kwenye vikonyo vyake, na harufu ya doriani unaipata kabla hujamwona muuzaji. Mimi, mke wangu na watoto tulikuwa tumevuka na boti kutoka Dar es Salaam, na mpango ulikuwa tukae kisiwani, kisha turudi bara pamoja na shangazi tumpandishe Lushoto. Yeye na baba yangu walizaliwa Soni, katika milima ya Usambara. Aliolewa Unguja akiwa msichana, na alikuwa hajapanda mlimani tangu tulipomzika babu.

Barabara pana inayopita mbele ya soko, ambayo siku hizi ni Barabara ya Benjamin Mkapa, zamani ilikuwa maji. Mkono wa bahari uliingia hapo ukautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja. Ulifukiwa kidogo kidogo, na kazi hiyo haikumalizika hadi miaka ya 1950. Jengo la soko lenye paa jekundu lilifunguliwa mwaka 1904, zama za Sultani Ali bin Hamoud. Tangu hapo mji umebadilika kila upande, umepinduliwa serikali, umeingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watu bado wanakuja hapa hapa kununua samaki wa mchana.

Mnada wa samaki ndio uliowanasa watoto wangu. Mnadi amesimama kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, miguuni pake mafungu: changu waliotungwa kwa ukindu, tasi, pono wa rangi ya kijani ambao hata wakishakufa rangi haiwatoki, na kolekole mmoja mzima aliyelazwa peke yake. Pweza wamekunjwa juu ya ubao, na ukitazama kwa makini utaona ngozi yao bado inabadilika, madoa yanatokea na kupotea. Bei inapanda haraka, kwa sauti ya kawaida tu, na wanunuzi hawasemi. Mmoja ananyanyua kidole. Mwingine anatikisa kichwa kidogo sana. Mnadi anawaona wote. Mwanangu wa kiume alijaribu kufuata nani anashindana na nani juu ya yule kolekole, na alipomaliza kumtafuta mnunuzi samaki alikuwa ameshanyanyuliwa na mchukuzi.

Kwenye mboga shangazi alikuwa na mwendo mwingine kabisa. Alipita mafungu ya bamia na bilinganya bila kusimama, akafika kwenye kabichi. Akachukua moja, akaligeuza, akalinusa pale lilipokatwa shina.

"Hili la kwetu," akasema.

"Ndiyo, bi mkubwa," kijana akajibu. "Limeingia usiku. Lushoto."

Nilijua tangu zamani kwamba Zanzibar hupokea mboga nyingi kutoka bara, lakini kujua hivyo ni mbali na kumwona mtu akiitambua ardhi ya kwao puani. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mzuri, ndiko kulikoota mikarafuu na minazi ya enzi za Masultani. Upande wa mashariki ni maweni, mwamba wa matumbawe wenye udongo kiganja kimoja kimoja katika mashimo, na mkulima wa huko hulima mahali jiwe linapomruhusu. Karoti, kabichi na viazi mviringo, mboga zinazotaka baridi, hazistawi vizuri kisiwani. Huteremshwa milimani kwa malori, zikavushwa baharini. Na bahari nayo hailipi kwa fedha tu: dagaa wanaovuliwa Unguja usiku kwa taa na kuanikwa juani huvuka kwenda bara, wakafika hadi masoko ya Kongo. Ukikaa Darajani asubuhi moja ukaangalia kinachoingia na kinachotoka, unaona kwamba kisiwa na mlima ni majirani wanaopelekeana sahani.

Lakini uhusiano huo haukuwa wa mboga peke yake, na shangazi hakutuacha tusahau. Kutoka sokoni alitupitisha Mkunazini, kwenye Kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huo huo, siku ya Krismasi. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, ndiye yule aliyetafsiri maandiko na kukusanya hadithi za Kiswahili. Uani kuna sanamu za mwaka 1998 kazi ya Clara Sörnäs: watu wamesimama ndani ya shimo, minyororo ya kweli shingoni, nyuso zao hazikuchongwa zikaisha. Watoto walikaa kimya. Binti yangu akauliza walitoka wapi.

"Wengine kwetu," shangazi akamjibu.

Alisema kweli. Mfalme Kimweri wa ukoo wa Wakilindi, aliyetawala Usambara kutoka Vuga, alikufa mwanzoni mwa miaka ya 1860, na waliogombania kiti chake wakapigana miaka mingi. Mateka wa vita ile waliteremshwa hadi Pangani, na kutoka Pangani kuja Unguja ni safari ya jahazi tu. Nilikuwa nimesoma habari hiyo vitabuni. Kuisikia ikisemwa mbele ya shimo lile, na mtu ambaye hupita hapo kila siku akienda sokoni, kulinibana kifua, na nilifurahi kwamba wanangu waliisikia kwa bibi yao kwanza kabla ya kuikuta kwenye mtihani.

Siku iliyofuata tulipanda gari la Jambiani, namba 309. Utingo alipanga mizigo yetu juu pamoja na gunia la mkaa na godoro, na sisi tukabanana ndani. Baada ya Tunguu upepo ukawa mwingine, na tulipofika Paje bahari ilikuwa imekwenda zake.

Kwa aliyelelewa mlimani hakuna jambo la ajabu kisiwani kuliko hili. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4, na kwa kuwa pwani ya mashariki ni tambarare hadi kwenye mwamba wa nje, maji hutoka mbali hadi mawimbi yanabaki mstari mweupe tu. Mashua zimelala ubavu. Nchi nzima inatokea iliyokuwa chini: madimbwi, nyasi za bahari, kokwa za matumbawe, na wanawake wanaoshuka kazini wamebeba kamba na vijiti.

Hao ni wakulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Tulimfuata jirani wa wenyeji wetu hadi shambani kwake. Shamba lenyewe ni safu za vijiti vilivyochomekwa mchangani, kati yake kamba zimevutwa, na kwenye kila kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa uzi mwembamba, vimeachana kama shubiri moja. Yeye huinama maji yakiwa ya magotini, hukagua kishada kimoja kimoja, hukwanyua majani ya bahari yaliyojisokota, na kile kilichokwisha kuivuta kamba hukikata. Mke wangu alijaribu kufunga vishada na baada ya muda mgongo ukamkataza. Mama yule alisema mwani ulio mnene, unaolipa zaidi, haustahimili tena, maji yamekuwa ya moto kwenye kina kifupi, na wanaouotesha inawabidi waende kwenye maji marefu, ambako unahitaji chombo na kujua kuogelea. Aliyasema haya akiwa anaendelea kufunga. Mwani wake ukishakauka unauzwa nje ya nchi, na ute wake unaingia kwenye dawa ya meno, vyakula na vipodozi vya watu ambao hawatamwona kamwe.

Naudhika kidogo ninapoona picha za Paje na Jambiani zilizopigwa wakati maji yamejaa tu, bluu tupu na mnazi ulioinama. Ni nzuri, sikatai, na tulioga humo jioni mpaka watoto wakatetemeka. Lakini saa ya maji kupwa ndiyo saa ya watu, na mgeni anayelala mpaka maji yajae ameikosa Jambiani.

Tuliporudi tulishuka Jozani. Msitu huu na ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikaviingiza kwenye orodha ya hifadhi hai za dunia. Wenyewe wa pale ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso, ambaye duniani kote yuko Zanzibar tu. Tulimkuta mmoja amekaa karibu na njia akitafuna majani machanga ya mkungu bila kutujali. Mtembezaji wetu alitueleza kwamba kima wanaokula majani ya miti ya mashambani, miembe na mikungu, hula pia mkaa, huuokota kwenye matanuri yaliyozimwa, kwa sababu mkaa hunyonya sumu iliyomo kwenye majani hayo. Watafiti wameliandika jambo hilo. Kilichonipendeza mimi ni kwamba mama hufanya hivyo na mtoto humtazama akajifunza.

Mwanangu wa kiume aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilingojea: kisiwani mlima uko wapi? Tukampeleka Masingini. Ndio mwinuko mkubwa kuliko yote Unguja, na haufiki hata mita 150. Hata hivyo mgongo ule wa msitu una kazi kubwa. Mvua inayonywewa na udongo wake hutoka chini kama chemchemi upande wa Bububu na Mtoni, na huko ndiko Sultani Barghash alikovuta maji kwa mabomba kuyaleta mjini, ili watu wa Mji Mkongwe wasitegemee visima vya maji ya chumvichumvi. Kisiwa kidogo, kilima kidogo, na mji mzima umekunywa hapo. Shangazi alisimama chini ya miti, akavuta hewa, akasema panafanana na nyuma ya nyumba ya baba yake, "ila hapa joto."

Kuvuka kurudi Dar es Salaam nitakupitisha haraka, na kadhalika basi la Korogwe. Vumbi, joto, mahindi ya kuchoma Segera. Safari iliamka Mombo.

Kutoka Mombo barabara inaacha bonde na kuanza kupanda ukingo wa mlima. Ni kilomita 30 na kitu hadi Lushoto, na sehemu kubwa ni kona. Upande mmoja jiwe, upande mwingine hakuna kitu. Mto unateremka kwa kelele chini yako, na kila kona hewa inapungua joto kidogo, mpaka ghafla abiria wote wanatafuta sweta zao kwa wakati mmoja. Shangazi alikuwa ameomba kiti cha dirishani. Tulipofika Soni, kwenye maporomoko, alishuka na kandambili zake za Unguja, akasimama barabarani, na wanawake waliokuwa wakiuza plamu na peasi wakamwamkia kwa Kisambaa. Akawajibu kwa Kisambaa. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa ananitazama mimi. Miaka yote ile kisiwani, lugha haikumtoka hata chembe.

Lushoto iko kwenye mita kama 1,400. Wajerumani waliipa jina la Wilhelmstal, wakapanga kupumzikia huko joto la pwani likiwashinda, na majengo yao machache bado yapo. Mimi napenda zaidi mashamba. Yanapanda kwa matuta hadi mahali ambapo hungedhani mtu angeweza kusimama na jembe: kabichi, viazi, maharage, karoti, migomba pembeni, miti ya matunda ya baridi juu. Asubuhi tulipishana na watu wakiteremka na matenga kichwani kuwahi lori. Yale ndiyo makabichi ya Darajani, na sasa wanangu waliona miguu iliyoyabeba mwanzo wa safari yake.

Irente tulikwenda kwa miguu. Njia inapita vijijini, katikati ya mikaratusi na mibuni, na hakuna dalili yoyote ya kinachokuja. Kisha nchi inaisha. Unasimama kwenye mwamba, na chini yako, takriban mita 1,000, kuna bonde la Mazinde na Mombo: barabara kuu kama uzi, mashamba ya mkonge kwa mistari, halafu nyika hadi macho yanapochoka. Upepo unapanda kutoka chini na kukusukuma usoni. Ndege wawindaji wanazunguka, na unawaona mgongo, si tumbo, kwa kuwa wewe ndiye uko juu. Binti yangu alilala kifudifudi ili achungulie, na mama yake akamshika vifundo vya miguu.

Shangazi alikaa nyuma kidogo, kwenye jiwe, na kanga ameifunga shingoni. Nilimuuliza anaonaje.

"Kule kwangu naona mbali kwa sababu hakuna kitu mbele," akasema. "Hapa naona mbali kwa sababu nimepanda. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kuona kwa namna hii."

Tulikula mkate wa rai na jibini ya Irente kwenye majani, na plamu ambazo maji yake yaliwachafua watoto mpaka viwikoni. Hapo nilimsimulia mwanangu habari ya Burton na Speke. Mwaka 1857, kabla ya safari yao ya Tanganyika, Waingereza hao walitoka Unguja kwa chombo hadi Pangani, wakapanda mpaka Vuga kumwona Kimweri, wakati huo mzee sana. Na nilimsimulia pia juu ya mtu ninayempa heshima kubwa kuliko hao wawili katika jambo hili, Abdallah bin Hemedi, aliyeandika *Habari za Wakilindi*: jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, alivyopokewa na Wasambaa na kuwa baba wa ukoo wa wafalme. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiswahili cha pwani na kikachapwa Magila, karibu na Muheza, kwenye misheni ya Kanisa lile lile lililojenga Mkunazini. Kalamu ya pwani ndiyo iliyouhifadhia mlima historia yake. Mwanangu alitaka kujua kama simba yumo. Yumo.

Msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, una sehemu zinazozidi mita 2,000, na huko ndiko nilikoelewa kitu nilichokisoma shuleni bila kukielewa. Tulianza kutembea alfajiri na mtembezaji kijana wa pale. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye njia. Mikulo mikubwa, ile miti ya kafuri ambayo watu wawili hawaikumbatii wakakutana, ilikuwa imefunikwa na kuvu na ndevu za kijani, na kila ndevu ilikuwa na tone kwenye ncha. Mvua haikuwa inanyesha. Hata hivyo kulikuwa na mlio wa matone kila mahali, majani yanakinga ukungu, yanaukusanya, yanaudondosha. Mtembezaji aligusa gome, akatuonyesha kiganja kimelowa.

Ukungu ule umetoka baharini. Pepo za Bahari ya Hindi zinapita juu ya visiwa zikiwa zimebeba unyevu, zinavuka pwani tambarare. Zikifika Usambara zinazuiwa na ukuta wa mlima, zinapanda, zinapoa, na unyevu unageuka wingu na mvua. Ndiyo maana misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, imeweza kuishi mamilioni ya miaka wakati nchi zinazoizunguka zilikauka, na ndiyo maana ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, Saintpaulia, lilitoka kwenye miamba yenye unyevu ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya katika miaka ya 1890. Mbega weupe kwa weusi walitupita juu kwa mruko mmoja mmoja, na watoto wakaanza kubishana nani mzuri zaidi, huyu au kima punju.

Tulimalizia Mtae, kijiji kilicho kwenye ncha ya kaskazini ya milima hii, nyumba zimejipanga juu ya mgongo mwembamba kiasi kwamba nyingine zina korongo mbele na korongo nyuma. Hapo unauona mpaka wa mvua kwa macho. Upande wa mlima ni kijani. Chini, upande wa Mkomazi, nchi ni ya kahawia, kavu, kwa sababu pepo zilipofika huko zilikuwa zimeshamwaga maji yao. Ukikata msitu wa juu, wazee wa Mtae walituambia tukiwa tumekaa nao kwenye baraza ya duka, mto wa chini unakwambia mwaka huo huo. Shangazi aliwaeleza kuhusu Masingini na mabomba ya Barghash. Walimsikiliza kwa makini, na mzee mmoja akauliza kisiwa kisicho na mlima kitapata wapi maji watu wakizidi kuongezeka. Swali hilo linaulizwa Unguja pia, kila hoteli mpya inapochimba kisima chake, na naliona ni swali zito kuliko yote ninayoyasikia juu ya utalii wa kisiwa kile.

Jioni kulikuwa na mawingu, kwa hiyo Kilimanjaro, ambao siku ya anga safi huonekana kutoka hapo, hatukuuona. Mke wangu alisikitika. Shangazi hakuangalia hata upande huo. Alikuwa ameshapata jirani wa utotoni wa mama yake, na mazungumzo yakaenda hadi taa zikawashwa.

Sasa amesharudi Mkunazini, na simu zinahusu safari nyingine. Tumekubaliana kukutana Muheza: yeye avuke kupitia Tanga, sisi tupande basi, twende kwanza Magila, kisha tupande Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na ambako mvua ya mwaka hufika kama milimita 2,000. Kinachobishaniwa ni mwezi. Mimi nataka Juni, njia ikiwa imekauka. Shangazi anataka likizo fupi ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, kwa sababu anataka kuona kinachotokea pepo za kwake zinapofika kwenye ule ukuta. Dereva wa Muheza niliyezungumza naye anasema Aprili gari huweza kukwama kwenye tope na abiria wakamalizia kwa miguu. Nimemweleza hivyo. Amejibu kwamba miguu anayo, na kumwambia mwanangu, "Mume wangu, nitafutie buti." Watoto wako upande wake, na mke wangu tangu juzi anaulizia bei za makoti ya mvua Kariakoo.